Jedwali la r na K Limechakaa, Lakini Swali Lake Lingali Hai

Walimu wa baiolojia wamegawanyika siku hizi kuhusu mada ambayo kwa miaka mingi haikuwa na ubishi, yaani mikakati ya uzazi katika ikolojia. Kwa zaidi ya nusu karne mwanafunzi amefundishwa kwamba viumbe wako makundi mawili: wale wanaoitwa wa r, ambao huzaa wengi, huzaa mapema na hufa mapema, na wale wa K, ambao huchelewa kukomaa, huzaa wachache na huwalea kwa muda mrefu. Ikolojia yenyewe imeshauweka mgawanyo huo pembeni, na mwanafunzi anayeperuzi intaneti hukutana upesi na kauli kwamba nadharia hiyo imekufa. Wapo walimu walioipokea kauli hiyo kwa kuifuta mada nzima, na wapo walioipuuza wakaendelea kuchora jedwali lilelile ubaoni. Naona pande zote mbili zimekielewa vibaya kilichotokea. Utafiti umelikataa jedwali la safu mbili pamoja na sababu moja iliyodaiwa kuzizaa safu hizo. Haukulikataa swali lililotangulia jedwali, yaani kwa nini kiumbe mmoja hutaga mayai mamilioni na mwingine huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Swali hilo ndilo mwanafunzi anapaswa kufundishwa, na njia ya kulijibu huanzia kwenye vifo: nani hufa, na hufa akiwa na umri gani.

Herufi zenyewe hazikuanza kama majina ya makundi ya wanyama. Asili yake ni mlinganyo wa ongezeko la viumbe ulioasisiwa na Mbelgiji Pierre-François Verhulst mwaka 1838, ambao kwa maandishi ya leo una r, yaani kasi ya kuongezeka pasipo na msongamano, na K, yaani idadi ya juu ambayo mazingira yanaweza kuihimili. Mwaka 1967 Robert MacArthur na Edward O. Wilson, katika kazi yao kuhusu viumbe wa visiwani, walizitumia herufi hizo kueleza aina mbili za uteuzi asilia. Kisiwa kinapofikiwa na wageni wachache, chakula ni tele na nafasi ni tele, hivyo anayezaa haraka ndiye anayeacha wajukuu wengi. Kisiwa kinapojaa, anayefaidika ni yule awezaye kuishi na kuzaa kwa chakula kidogo katikati ya washindani. Hoja yao, basi, ilihusu msongamano. Ni Eric Pianka, mwaka 1970, aliyeambatanisha na hoja hiyo ukubwa wa mwili, urefu wa maisha, umri wa kukomaa na idadi ya watoto, akaviweka katika jedwali ambalo limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Haki itendeke kwake: aliandika waziwazi kwamba hakuna kiumbe aliye wa r mtupu au wa K mtupu, na kwamba alichokieleza ni mfululizo wenye ncha mbili. Mfululizo huo ulipofika darasani ukageuka kuwa masanduku mawili.

Nilipata kumfundisha mwanafunzi mmoja mada hii kwa kutumia masanduku hayohayo. Aliyakariri vizuri, akamweka panya katika la kwanza na tembo katika la pili, kisha akauliza, “Mwalimu, kasa nimweke wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa palepale. Kasa wa baharini hutaga mayai yapatayo mia moja katika kiota kimoja, huchimba viota kadhaa katika msimu mmoja, huyafukia mchangani na kurudi majini asiyaangalie tena, na hizo zote ni sifa za r. Lakini kasa huyohuyo huenda akapitisha miongo miwili au mitatu kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, kisha akaishi na kuendelea kutaga kwa miaka mingi, na hizo ni sifa za K. Tukaliweka jedwali kando, tukachukua kalamu. Tuseme jike mmoja huchimba viota 4 vyenye mayai 110 kila kimoja, kila baada ya miaka mitatu, na kwamba hufikisha misimu 7 kabla ya kufa. Hayo ni mayai 3,080. Ikiwa idadi ya kasa haipandi wala haishuki, basi katika mayai yote hayo ni wawili tu, kwa wastani, watakaofikia umri wa kuzaa, mmoja achukue nafasi ya mama na mwingine nafasi ya baba. Mwanafunzi aligawanya, akaandika 1,540 kwenye daftari na kuizungushia duara: yai moja katika kila 1,540. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, “Kwa hiyo, Mwalimu, hesabu ya mayai ni hesabu ya vifo.” Katika dakika ile alikuwa ameielewa mada kuliko alivyoielewa kwa wiki nzima ya kukariri.

Kasa si kituko cha pekee. Jedwali huwaweka wadudu upande wa r bila kusita, lakini mtazame mbung'o. Jike wa mbung'o hapevushi mamia ya mayai; hupevusha yai moja kwa wakati, likaanguliwa tumboni mwake, na buu akalishwa humohumo kwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu. Anapozaliwa, buu huyo huwa na uzito unaokaribia ule wa mama yake, hujichimbia udongoni mara moja na kugeuka bundo. Mama hurudia kazi hiyo kila baada ya siku 9 au 10 hivi, na uzao wake wa maisha yote hauzidi watoto wachache mno. Upande mwingine yuko popo. Popo wa Brandt ana uzito wa gramu 7 hivi, yaani ni mwepesi kuliko panya mdogo wa nyumbani, na kwa kipimo cha ukubwa wa mwili angetarajiwa kuzaa kwa wingi na kufa upesi. Kwa kawaida jike wake huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na yupo mmoja aliyepatikana porini akiwa hai miaka 41 baada ya kuwekewa alama. Mbuyu nao huishi karne nyingi na katika muda huo hutoa mbegu zisizohesabika. Mwalimu anaweza kusema kwamba kila kanuni ina mapungufu yake, na ni kweli. Ila Stephen Stearns alipokusanya tafiti zilizokuwepo na kuzichambua mwaka 1977, zilizoafikiana na jedwali zilikuwa takriban nusu. Kanuni inayopatia nusu na kukosea nusu haimsaidii mwanafunzi kutabiri chochote.

Kasoro yenyewe iko ndani zaidi ya mifano hiyo. Kwanza, r na K si vitu vya jinsi moja. Kasi ya kuongezeka inaweza kukokotolewa kutokana na umri wa kuzaa, idadi ya watoto na uwezekano wa kubaki hai, ila K hutokana na kukutana kwa kiumbe na mazingira yake, na hubadilika mvua ikikosekana au mshindani akiingia, hata kama mnyama mwenyewe hajabadilika hata unyoya. Kusema kwamba mnyama fulani “ni wa K” ni kumpachika mnyama sifa ya mahali. Pili, na hili ndilo lililowafanya wanaikolojia wengi wahamie kwenye uchambuzi wa ratiba nzima ya maisha, yaani lini kiumbe hukomaa, huzaa na hufa, msongamano ni sababu moja tu kati ya zinazoamua uzazi. Palipo na vifo vingi vya waliokomaa, uteuzi asilia humpendelea anayewahi kukomaa na kuzaa kabla hajafikiwa. Vifo vikiwaangukia zaidi makinda, na hasa vikiwa havitabiriki, mwaka huu wote wakafa na mwaka ujao wengi wakapona, humpendelea anayeishi muda mrefu na kuzaa mara nyingi, ili mwaka mbaya usimalize uzao wake wote. Kasa anaeleweka hapo, tena bila sanduku lolote.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua kuhusu jambo hili umetoka katika vijito vya milimani kisiwani Trinidad, kwa samaki mdogo anayeitwa gapi. Katika sehemu za chini za vijito kuna samaki wakubwa wanaowala gapi waliokomaa. Juu ya maporomoko ya maji maadui hao hawafiki, na aliyepo ni samaki mdogo anayekula hasa gapi wachanga. Gapi wa chini hukomaa mapema wakiwa na umbo dogo, na huzaa watoto wengi walio wadogo. Mwaka 1976 John Endler aliwachukua gapi wa sehemu yenye maadui wakubwa katika Mto Aripo, akawahamishia sehemu ya juu ambayo haikuwa na gapi kabisa. Baada ya miaka 11, ambayo ni vizazi kati ya 30 na 60, David Reznick na wenzake walionyesha kwamba uzao wa wahamiaji hao ulikuwa umebadilika: walikomaa wakiwa wamechelewa na wakubwa zaidi, wakizaa watoto wachache na wakubwa. Walipowalea vizazi vya samaki hao maabara katika hali zinazofanana, tofauti ilibaki, ishara kwamba ilikuwa ya kurithi. Walikuwa spishi ileile, na ratiba yao ya maisha ilisogea kwa sababu ratiba ya vifo ilisogea. Nasikitika kila ninapoona kitabu cha shule kinachotumia kurasa tatu kwa jedwali na kisitaje jaribio hili hata kwa sentensi moja.

Sasa, je, wanaosema nadharia imekufa hawana haki? Wana haki kwa kiasi kikubwa, lakini wanavuka mpaka. Wazo la MacArthur na Wilson, likirudishwa kwenye umbo lake la kwanza la msongamano, limejaribiwa na halikutoka patupu. Mwaka 1981 Laurence Mueller na Francisco Ayala walichapisha matokeo ya majaribio ya nzi wa matunda waliolelewa kwa vizazi kadhaa, baadhi katika msongamano mdogo na baadhi katika msongamano mkubwa; waliotoka kwenye nafasi tele waliongezeka polepole kuliko wenzao walipowekwa penye msongamano. Msongamano, basi, unafanya kazi, ila haufanyi kazi peke yake. Na ule mfululizo wa maisha ya haraka na maisha ya polepole nao haukuyeyuka. Watafiti walipolinganisha ratiba za maisha za spishi 418 za mimea, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, waliuona wazi, ukiwa umeambatana na mhimili wa pili unaohusu jinsi mmea unavyougawa uzazi wake katika maisha. Mihimili hiyo miwili ilieleza zaidi ya nusu ya tofauti zilizopimwa. Mwalimu anayefuta mada yote kwa sababu sanduku mbili zimevunjika anamnyima mwanafunzi kitu ambacho utafiti mpya umekithibitisha.

Upande wa pili, wa walimu wanaoendelea kulichora jedwali, una hoja nzito kuliko inavyodhaniwa, nayo ni hoja ya mlango wa kuingilia. Mwanafunzi anayeanza, wanasema, anahitaji picha mbili za kushika: panya na tembo. Panya hubeba mimba wiki tatu hivi na kuzaa kadhaa kwa mkupuo. Tembo hubeba mimba miezi 22 na kuzaa mmoja. Tofauti hiyo ni ya kweli, na ni kweli pia kwamba akili ya mgeni hushika ncha kabla ya kushika katikati. Hili nalikubali, na mimi mwenyewe bado naanza na panya na tembo. Ninachokataa ni nyongeza inayoambatana na hoja hiyo, kwamba hesabu ya ratiba ya maisha ni ngumu mno kwa mwanafunzi wa sekondari. Chukua kitendawili alichokiacha Lamont Cole mwaka 1954. Mmea wa mwaka mmoja hutoa mbegu 101 kisha hufa. Mmea mwingine hutoa mbegu 100 kila mwaka na haufi kamwe. Ikiwa mbegu zote huota na kukua, mimea hiyo miwili huongezeka kwa kasi ileile, maana uzima wa milele wa mmea wa pili una thamani ya mbegu moja tu. Kwa nini basi dunia imejaa mimea na wanyama wanaoishi miaka mingi? Jibu lililotolewa na Eric Charnov na William Schaffer mwaka 1973 linaingia kwenye mstari mmoja wa daftari: si mbegu zote hukua. Kama ni mbegu 1 kati ya 100 inayofikia utu uzima, na mmea mkubwa una uwezekano wa asilimia 90 wa kuuona mwaka ujao, basi kubaki hai kwake kuna thamani ya 0.9 kugawanya kwa 0.01, yaani mbegu 90, na mmea wa mwaka mmoja utahitaji mbegu 190 ili ulingane na ule unaotoa 100. Huo ni mgawanyo wa kawaida. Mwanafunzi anayeweza kuufanya ameshaelewa kwamba nguvu za kiumbe ni mfuko mmoja, kwamba kinachotumika kuzaa leo hakiwezi kutumika kubaki hai kesho, na kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba yote haya ni mambo ya mtihani, na kwamba mwanafunzi akimweka mnyama katika sanduku lisilo lake hakuna anayeumia. Historia ya uvuvi inasema vingine. Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi mjini London, Thomas Huxley, mmoja wa wanabaiolojia walioheshimiwa sana wakati wake, alisema kwamba uvuvi mkubwa wa baharini, ukiwemo wa chewa wa Atlantiki ya Kaskazini (cod kwa Kiingereza), huenda hauwezi kumalizika kwa njia za uvuvi za siku zile, kwa kuwa samaki ni wengi mno na wanaovuliwa ni wachache wakilinganishwa na wanaoliwa na maadui wao. Jike mkubwa wa chewa huyo hutaga mayai mamilioni, na wingi huo uliwafariji watu kwa muda mrefu. Lakini mayai mamilioni yanatuambia kwamba karibu yote hufa. Hayatuambii kwamba samaki waliokomaa wanaweza kuondolewa bila hasara. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ililazimika kusimamisha uvuvi wa chewa karibu na Newfoundland, na takriban watu 30,000 wakapoteza kazi. Kabla ya anguko hilo samaki wenyewe walikuwa wameanza kukomaa wakiwa na umri mdogo na umbo dogo kuliko zamani, sawasawa na gapi wanaoishi na adui anayewala wakubwa; adui wao alikuwa nyavu.

Kwa kasa hali ilikaribia kuwa hiyohiyo kwa nia njema kabisa. Kwa miaka mingi juhudi za uhifadhi zilielekezwa kwenye viota, kwa sababu mayai yanaonekana na yanahurumisha. Mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichapisha hesabu ya kasa aina ya duvi wa kusini mashariki mwa Marekani, wakiligawa kundi lake kwa hatua za umri. Matokeo yalionyesha kwamba hata kuyaokoa mayai yote pasipo kupoteza hata moja kusingezuia kupungua kwa kasa hao, ilhali kupunguza vifo vya kasa waliokwisha kukua kiasi lakini hawajafikia umri wa kuzaa, ambao wengi walikuwa wakizama katika nyavu za kukokota za kuvulia kamba wa baharini, kungeweza kugeuza mwelekeo. Kazi hiyo ilizipa nguvu kanuni za kuweka katika nyavu hizo kizuizi chenye mlango wa kumtoa kasa. Mbung'o anatoa funzo lilelile kutoka upande wa pili: kwa kuwa jike huzaa mmoja mmoja, ongezeko la vifo la asilimia 4 hivi ya majike kwa siku, likidumishwa, linatosha kulisukuma kundi zima kuelekea kwisha. Anayemwona mbung'o kama mdudu wa r angedhani mitego haiwezi kufua dafu.

Kuna madhara ya aina nyingine ambayo siwezi kuyapita kimya. Kuanzia miaka ya 1980 mwanasaikolojia J. Philippe Rushton aliyachukua masanduku haya na kuyapeleka kwa binadamu, akidai kwamba jamii za watu zinaweza kupangwa kwa ngazi ya r na K. Wanabaiolojia waliichambua kazi hiyo wakaonyesha kwamba aliitumia nadharia ambayo uwanja wake wenyewe ulikuwa umeshaiacha, na kwamba aliitumia vibaya hata katika umbo lake la zamani. Madai hayo bado yanazunguka mtandaoni, na yanamnasa kwa urahisi yule aliyefundishwa kwamba r na K ni tabia zilizomo ndani ya kiumbe. Mwanafunzi anayejua kwamba K ni ya mahali, na kwamba ratiba ya uzazi hufuata ratiba ya vifo, ana silaha ya kuyajibu madai hayo kwa hoja, na silaha hiyo hapewi na mwalimu aliyeifuta mada kwa kuogopa ubaya wake.

Kinachohitajika darasani, kwa hiyo, ni kubadilisha mpangilio wa somo na aina ya maswali. Panya na tembo wabaki mwanzoni, herufi za r na K zitajwe kama historia na kama sehemu za mlinganyo zilikotoka, na kasa, mbung'o na popo waletwe mapema, kabla mazoea ya kupanga hayajakomaa. Mtihani nao uache kuuliza “taja sifa tano za viumbe wa r”, maana swali hilo hulazimisha jedwali likaririwe hata na mwalimu asiyeliamini. Mwanafunzi apewe makundi mawili ya samaki wa spishi moja, aambiwe kwamba katika ziwa la kwanza 6 kati ya 10 ya waliokomaa huliwa kila mwaka na katika ziwa la pili ni 1 kati ya 10, kisha aulizwe ni wapi anatarajia samaki wakomae mapema baada ya vizazi 40, kwa nini, na ni taarifa gani kuhusu makinda angetaka kuipata kabla ya kulithibitisha jibu lake.